Udongo Uliofundishwa Kupenda Mafuta

Mkandarasi anayejenga katika uwanda wa Athi, nje kidogo ya Nairobi, huanza kazi yake kwa kutupa. Kabla jiwe la kwanza la msingi halijawekwa, malori huzoa udongo mweusi wa juu na kuupeleka mbali, kisha shimo hujazwa kifusi kigumu. Udongo ule ukinyeshewa hufura na kuinua sakafu. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Usukumani wakulima wanaujua kama udongo wa mbuga. Mkulima wa mpunga wa Mwea au wa uwanda wa Kano anaupenda kwa sababu unashikilia maji shambani, na mwenye nyumba anauchukia kwa sababu hiyohiyo.

Kinachoufanya ufure ni madini ya mfinyanzi yanayoitwa montmorilonaiti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa, ambako yalielezwa mwaka 1847. Udongo unaochimbwa kibiashara na ambao sehemu yake kubwa ni madini hayo huitwa bentonaiti. Kwa zaidi ya nusu karne sasa wanakemia wamekuwa wakiubadilisha udongo huo ili unase vitu ambavyo kwa asili yake unavikataa: mafuta, rangi za viwandani, viuatilifu, mabaki ya dawa za hospitali. Matokeo ya maabara ni mengi na yanavutia. Mitambo inayofanya kazi ni michache. Pengo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, maana ndani yake mna majibu ya nini kinawezekana na nini ni ndoto, hasa kwa miji ya Afrika Mashariki ambayo mito yake imekuwa mifereji ya majitaka.

Siri ya udongo huu iko katika umbo lake. Punje moja ya montmorilonaiti imejengwa kwa matabaka yaliyolaliana kama kurasa za kitabu, na kila ukurasa una unene wa nanomita 1 hivi, yaani kurasa milioni moja zikibebana zinafikisha milimita moja tu. Gramu moja ya udongo huo ikikunjuliwa kurasa zake zote ina eneo la zaidi ya mita za mraba 700, ukubwa wa kiwanja kizuri cha kujengea nyumba. Katikati ya kila ukurasa kuna alumini, na hapa na pale nafasi ya alumini imechukuliwa na magnesi, ambayo ina chaji pungufu. Upungufu huo unauacha ukurasa mzima na chaji hasi. Ili kuufidia, ayoni chanya za sodiamu na kalsiamu hujipanga kati ya kurasa. Hazijafungwa pale daima. Zinaweza kuondoka na nafasi zao kushikwa na ayoni nyingine chanya. Gramu 100 za montmorilonaiti huweza kubadilishana miliekwivalenti (kipimo cha wingi wa chaji) 80 hadi 120. Kaolini, ule udongo mweupe unaopatikana katika vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam, kwa kawaida haifiki 15.

Ndiyo maana si sahihi kuzungumzia "udongo wa mfinyanzi" kana kwamba ni kitu kimoja. Mfinyanzi wa chungu anajua hilo kwa vidole vyake: kuna udongo unaokubali moto na kuna unaopasuka tanuruni. Mwenye chujio naye analazimika kujua hivyohivyo.

Sasa shida inaanza. Sodiamu iliyo kati ya kurasa huvuta maji kwa nguvu, na maji hayo hujaa kila mwanya. Tone la dizeli au molekuli ya benzini ikifika, inakuta nyumba imejaa wageni wasiochangamana nayo. Udongo mbichi, pamoja na eneo lake lote kubwa, huziacha zipite.

Mwaka 1949 mkemia wa Marekani John W. Jordan, aliyekuwa katika kampuni ya National Lead, alichapisha kazi iliyoonyesha namna ya kuugeuza udongo huo tabia. Aliondoa sodiamu na kuweka mahali pake kemikali za amonia zenye mkia mrefu wa kaboni. Kemikali hizo zina kichwa chenye chaji chanya, ambacho hung'ang'ania ukurasa wa udongo, na mkia wa mafuta unaoning'inia katika mwanya. Ndugu zao tunawatumia nyumbani: wamo katika losheni za kulainisha nywele na katika maji ya kulainisha nguo. Bentonaiti iliyotiwa mikia hiyo haifuri tena majini. Hufura katika mafuta na katika vimiminika vya kuyeyushia rangi. Viwanda vya rangi, grisi na matope ya kuchorongea visima vya mafuta viliichangamkia upesi, kwa kuwa ilifanya bidhaa zao ziwe nzito bila kutua chini.

Wazo la kuitumia kusafisha maji lilipata msukumo mkubwa baadaye, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Mwaka 1986 Max Mortland, Sun Shaobai na Stephen Boyd walionyesha kwamba udongo wenye mikia hunasa fenoli na jamii ya fenoli zenye klorini, sumu zinazotoka katika viwanda na katika dawa za kuhifadhia mbao. Miaka miwili baadaye Boyd na wenzake walikwenda mbele zaidi katika jarida la Nature: walipendekeza kwamba hata udongo wa ardhini, mahali ulipo, ungeweza kutibiwa hivyo ili kuzuia sumu isisafiri kwenda kwenye maji ya chini ya ardhi.

Kazi za kikundi hicho na za waliofuata zilitenganisha njia mbili za unasaji. Mikia ikiwa mirefu, ya kaboni 16 kwa mfano, inashikana kati ya kurasa na kufanya utando wa mafuta. Kichafuzi kinayeyuka ndani ya utando huo kama harufu ya karafuu inavyoingia katika samli. Kadiri kitu kinavyoyachukia maji, ndivyo kinavyoingia kwa wingi; kwa hiyo pentaklorofenoli hunaswa vizuri kuliko fenoli yenyewe. Mikia ikiwa mifupi sana, kazi yake inageuka: vichwa vidogo vinasimama kati ya kurasa kama nguzo, vinaacha vyumba wazi, na molekuli zinazotoshea vyumba hivyo hujibana humo. Njia ya kwanza inapokea wengi bila kuchagua umbo. Ya pili inachagua mno, na vitu vingi vikija pamoja hugombania vyumba.

Njia nyingine za kuubadilisha udongo zina historia zao. Kuuosha kwa tindikali kali ni ya zamani: tindikali hung'oa sehemu ya alumini na kufungua vitundu. Udongo wa namna hiyo ndio uliotumika kama kichocheo katika mitambo ya Houdry ya kuvunjavunja mafuta ghafi kuanzia miaka ya 1930, na mpaka leo ndio unaong'arisha mafuta ya kula viwandani kwa kunasa rangi na mabaki yasiyotakiwa. Mama anayemimina mafuta meupe ya mawese jikoni ana deni kwa udongo, hata kama hajui.

Kisha kuna nguzo za kudumu. Katika miaka ya 1970 watafiti walianza kuingiza kati ya kurasa ayoni kubwa yenye atomu 13 za alumini, halafu wakauchoma udongo kwenye joto la nyuzi 500 hivi. Kinachobaki ni nguzo ngumu za oksidi zinazoshikilia kurasa zisibonyeane. Nguzo zikitengenezwa kwa chuma badala ya alumini, au kwa vyote viwili, udongo unapata kazi mpya: ukiongezewa haidrojeni peroksaidi hauishii kukishika kichafuzi bali hukikata vipande. Umuhimu wa tofauti hiyo utaonekana mbele.

Msomaji atakayefungua majarida ya kemia atakutana na jina moja tena na tena: methilini bluu. Ni rangi ya buluu, rahisi kununua, rahisi kupima kwa chombo cha bei nafuu, na mamia kwa mamia ya makala yametangaza kwamba udongo wa mahali fulani, uliobadilishwa kwa namna fulani, umeinasa kwa asilimia 95 au 98. Tatizo ni kwamba methilini bluu ni ayoni chanya. Montmorilonaiti mbichi isiyotiwa chochote huinasa kwa pupa, kiasi kwamba wachoronga visima huitumia rangi hiyohiyo kupimia wingi wa bentonaiti katika matope yao. Kuthibitisha kwamba udongo unanasa methilini bluu katika maji safi ya maabara ni kama kuthibitisha kwamba kikombe cha kupimia sukari kinaingia sukari. Muda mwingi wa vijana wa vyuo vikuu umeteketea hapo, na inasikitisha, kwa sababu maswali magumu yalikuwa yanawasubiri mlango wa pili.

Mfano ulio hai zaidi wa nguvu hiyo ya asili ni parakwati, kiuagugu kinachofahamika mashambani kwetu. Nayo ina chaji chanya, tena mbili. Inaposhikwa na udongo wa aina hii haiachiliwi kwa urahisi, ndiyo maana madaktari wamewahi kuwanywesha udongo maalumu watu waliomeza sumu hiyo, ili uinase tumboni kabla haijaingia mwilini. Kwa kitu kama parakwati hakuna sababu ya kuugharimia udongo mabadiliko yoyote.

Sumukuvu nayo inafundisha jambo. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Aflatoksini ni molekuli ya kikaboni isiyo na chaji, lakini ni bapa, na inateleza kati ya kurasa za montmorilonaiti yenye kalsiamu na kukaa humo. Timothy Phillips wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alianza kuonyesha hilo miaka ya 1980 kwa chakula cha kuku, na baadaye jaribio lilifanyika Kenya kwa watu waliojitolea, ambapo udongo uliosafishwa ulipunguza alama ya sumu hiyo katika mkojo wao. Desturi ya wajawazito wa Tanzania kula pemba, ule udongo wa kijiti unaouzwa sokoni, ni jambo jingine. Pemba haijasafishwa, na inaweza kubeba risasi na vijidudu. Hata hivyo inaonyesha kwamba watu wameuamini udongo tumboni mwao muda mrefu kabla ya maabara.

Kutokana na mifano hiyo miwili swali la kwanza la kazi hii linajitokeza: kichafuzi chenyewe ni cha namna gani? Kina chaji chanya, chaji hasi, au hakina? Kinayeyuka vizuri majini au kinayakimbia? Bila majibu hayo, kuchagua udongo ni kubahatisha.

Tazama mabaki ya dawa. Mwaka 2022 jopo kubwa la watafiti lilichapisha vipimo vya maji kutoka mito 258 katika nchi 104, wakitafuta viambato 61 vya dawa. Addis Ababa ilikuwa miongoni mwa miji mitatu yenye mito iliyochafuka zaidi, pamoja na Lahore na La Paz. Miaka kumi kabla yake, uchunguzi wa bonde la Mto Nairobi ulikuwa umeshakuta dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI majini, pamoja na viuavijasumu. Hakuna wa kumlaumu mgonjwa. Dawa zinaokoa maisha, sehemu ya kila kidonge hutoka mwilini kwa mkojo, na mabwawa ya majitaka yalijengwa kuua vijidudu na kupunguza uozo, wala hayakubuniwa kwa ajili ya molekuli hizi.

Je, udongo unaweza kusaidia? Inategemea kidonge. Siprofloksasini na tetrasiklini hunaswa vizuri hata na montmorilonaiti mbichi. Salfamethoksazoli, iliyomo ndani ya septrini wanayomeza kila siku watu wengi wanaoishi na VVU, katika maji ya kawaida huwa na chaji hasi, kwa hiyo ukurasa wa udongo wenye chaji hasi unaifukuza. Kabamazepini, dawa ya kifafa, haina chaji na hupita karibu kila mtambo wa kawaida bila kuguswa. Kwa hizi mbili lazima udongo ugeuzwe.

Kugeuza chaji kunawezekana. Ukiongeza kemikali za mikia kupita uwezo wa udongo wa kubadilishana, mikia inayozidi inashikana na ile ya kwanza, na vichwa vyake vinatazama nje. Uso wa udongo sasa ni chanya. Shlomo Nir wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem na wenzake waliendeleza mbinu ya karibu na hiyo, wakiuchanganya udongo na kemikali zilizokwisha kukusanyika katika vifundo vidogo, kisha mchanganyiko huo wakaupachika ndani ya mchanga mwingi ili maji yapite. Rafik Karaman na Mustafa Khamis wa Chuo Kikuu cha Al-Quds walishirikiana naye kuijaribu kwa dawa kadhaa, mojawapo diklofenaki, ile ya maumivu ya mgongo na magoti, ambayo nayo ina chaji hasi. Ilinaswa vizuri. Kasoro ni kwamba safu ya nje ya kemikali haijashikwa imara kama ya ndani, na ikioshwa sana hubanduka.

Hilo si jambo dogo. Kemikali hizi za amonia huua bakteria, na ndiyo sababu jamii yake nyingine imo katika dawa za kusafishia sakafu za hospitali. Zikivuja kuingia mtoni zinadhuru samaki na viumbe wadogo wanaolisha samaki. Chujio linalotoa sumu moja na kuachia nyingine limefanya kazi nusu. Kwa hiyo taarifa yoyote ya udongo wa namna hii isiyoeleza ni kiasi gani cha mikia kilichovuja ndani ya maji yaliyochujwa, kwa miezi, si kwa saa mbili za maabara, haijakamilika. Watafiti wengine wamegeukia polima, maana polima moja hushika ukurasa kwa maelfu ya vichwa na si rahisi kung'oka. Mojawapo ni kitosani, inayotengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo haina ukali wa zile kemikali za mikia.

Mahali ambapo udongo wa mikia umejidhihirisha bila shaka ni kwenye mafuta. Mitambo ya kuchimba mafuta, gereji, meli na viwanda vya vyuma hutoa maji yenye mafuta yaliyosagika kuwa matone madogo mno, yasiyoelea juu ili yakwanguliwe. Mkaa amilifu, ule uliotayarishwa maalumu kwa ajili ya kuchuja, una vitundu vidogo sana. Mafuta yanaviziba midomo na mkaa mzima unakufa kabla haujatumika hata nusu. Udongo wa mikia hauna midomo ya kuzibwa. Mafuta yanayeyuka kati ya kurasa, na udongo mzuri unaweza kubeba mzigo unaokaribia nusu ya uzito wake. Katika mitambo mingi huwekwa mbele ya mkaa: udongo unachukua mafuta na molekuli kubwa, mkaa unamalizia zile ndogo zinazoyeyuka majini. Kwa kuwa udongo huo hufura unapomeza mafuta, huchanganywa na makaa ya mawe magumu yaliyosagwa, mara nyingi udongo asilimia 30 na makaa asilimia 70, ili njia ya maji isifungike.

Portland, jimbo la Oregon, ni mfano wa mtoni. Kiwanda cha McCormick and Baxter kilitibu mbao kwa kreosoti kando ya Mto Willamette kwa miongo mingi, na mafuta yake mazito meusi yakazama katika tope la mto. Katika miaka ya 2004 na 2005 tope hilo lilifunikwa kwa kofia kubwa ya mchanga, na sehemu ambako mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenda juu ziliwekewa udongo wa mikia, kwa mamia ya tani. Udongo ulipewa kazi moja mahali pamoja, dhidi ya adui anayejulikana. Hivyo ndivyo kazi ya mafanikio inavyofanana.

Uwanja mpya ni ule wa kemikali zenye florini zilizotumika katika povu la kuzimia moto la viwanja vya ndege na katika vyombo visivyoshika chakula. Haziozi. Aprili 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa kwa mbili kati yake, na hapo kila mwenye chujio akaamka. Wilaya ya maji ya Orange County, California, ilikuwa tayari imejaribu bentonaiti iliyobadilishwa sambamba na mkaa na resini. Australia nayo ilitumia udongo uliotibiwa kwa kemikali za amini kusafisha maji na kufunga sumu hizo katika ardhi za kambi za jeshi la anga.

Afrika Mashariki ina udongo. Bentonaiti iko Athi River na upande wa Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Sinya, mpakani karibu na Amboseli, kuna sepiolaiti, mfinyanzi wenye nyuzi na mifereji ndani yake, ambayo wavutaji tumbaku wa Ulaya waliijua zamani: kampuni ya Arusha iliitumia kutengenezea viko vya tumbaku na kuvipa jina la Kiko. Nyuzi za sepiolaiti hazifuri, maji hupita kati yake, na kwa chujio hiyo ni sifa kubwa kuliko namba yoyote ya unasaji. Pugu kuna kaolini, dhaifu kwa kubadilishana ayoni lakini nzuri kwa kufinyangwa na kuchomwa.

Kinachokosekana si udongo. Piga hesabu. Kilo moja ya bentonaiti bora, ili ijazwe mikia ya kaboni 16 kwa kiwango cha uwezo wake, inahitaji karibu gramu 360 za chumvi ya kemikali hiyo, na chumvi hiyo inaagizwa kutoka nje kwa dola. Kwa hiyo ule msemo unaorudiwa kwenye kila utangulizi, kwamba udongo ni rahisi, ni kweli kwa udongo mbichi peke yake. Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Mji unaotoa mita za ujazo 100,000 za majitaka kwa siku, ukitumia gramu 1 tu ya udongo kwa kila lita, utahitaji tani 100 za udongo kila siku, na kesho yake utakuwa na tani 100 za udongo wenye sumu wa kutafutia mahali, ukiwa umelowa na uzito umeongezeka. Anayependekeza kutibu mabwawa yote ya jiji kwa udongo hajakaa chini na kalamu.

Hospitali ni habari nyingine. Majitaka ya wodi moja kubwa ni machache, yana dawa nyingi kwa lita, na yanatoka katika bomba linalojulikana. Gereji za mitaa ya viwanda, vituo vya kuoshea magari na sehemu za kutengenezea batiki zina sifa hiyohiyo: maji kidogo, uchafu mzito, chanzo kimoja. Kwa batiki mara nyingi shida ni rangi zenye chaji hasi zinazojifunga kwenye pamba, kwani sehemu kubwa haijifungi na humiminwa na maji ya kusuuzia. Udongo wenye polima chanya huzigandisha rangi hizo na kuzizamisha kama shabu inavyozamisha tope la maji ya mto, na fundi anaweza kufanya hivyo ndani ya pipa, bila pampu. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alionyesha kwa maji ya kunywa kwamba inawezekana kutengeneza chujio la hapa nyumbani linalorekebishwa kulingana na uchafu wa kila mahali. Nanofilter yake, iliyojengwa juu ya mchanga, ilimpa tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Maji machafu ya karakana yanastahili mbinu ya namna hiyo.

Mshindani wa udongo naye yuko hapahapa. Migodi ya dhahabu hutumia mkaa amilifu wa vifuu vya nazi kunasia dhahabu, na vifuu ni takataka ya kila siku kuanzia Mtwara hadi Lamu. Kwa molekuli ndogo zinazoyeyuka majini, mkaa mzuri kwa kawaida utaushinda udongo, tena unaweza kuchomwa upya kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi ukarudi kazini. Udongo wa mikia hauvumilii moto huo. Mikia huungua pamoja na kichafuzi. Mahali ambapo mafuta hayapo na chaji hazigombani, mkaa wa vifuu uchaguliwe bila aibu.

Basi udongo uliokwisha kushiba uende wapi? Hapa ndipo makala mengi hukata kauli. Kuuosha kwa kimiminika kingine ni kuhamisha sumu kutoka ndoo moja kwenda nyingine. Kuuzika dampo ambalo halina sakafu ya kuzuia mvujo ni kuirudisha mtoni kwa njia ndefu. Ule udongo wenye nguzo za chuma unapunguza tatizo kwa kukata vichafuzi palepale, lakini unapenda maji yenye uchachu wa karibu pH 3, na ukilazimishwa hivyo unaachia chuma chake polepole. Maji yanayotoka kiwandani yakiwa na magadi, tindikali ya kuyarekebisha huongeza gharama.

Njia iliyo karibu zaidi na mikono yetu ni tanuru za saruji. Klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, hupikwa kwenye nyuzi 1,450 hivi, joto ambalo mikia, rangi na dawa haviwezi kulihimili, na malighafi zake ni chokaa na udongo. Viwanda vya saruji viko Wazo Hill, Tanga, Mombasa na Athi River, jirani na miji inayotoa majitaka hayo. Udongo ulioshiba ungekaushwa, ukapimwa, ukaingizwa kwenye sehemu ya moto mkali zaidi, na silika na alumini yake ikabaki ndani ya klinka. Wa kuchunguzwa kabla ni ule uliobeba vitu vyenye klorini, kama pentaklorofenoli, kwa sababu klorini ikizidi huganda katika mikondo ya juu ya tanuru na kuiziba, na mpishi wa klinka ana haki ya kuukataa mzigo huo langoni.